Mguu wa Mejumaa

Wajukuu zangu, salamu kwenu nyote, na marahaba kwa yule aliyekumbuka kunipa shikamoo kabla hajaanza kulalamika. Ule ujumbe wa sauti wa Bakari nimeusikiliza. Mara ya kwanza nilishikwa na hasira nikaizima simu katikati. Jana nikaurudia nikiwa barazani na chai yangu, hasira imeshashuka. Sasa mimi ninasema na binti yangu anaandika, na pale nitakapopotea njia mtanivumilia. Mtu aliyestaafu ana haki ya kupotea njia.

Kama nimemwelewa Bakari, mambo ni haya. Kikundi chenu kiliingia mashindano ya ngoma huko Ukunda, mkatoka mikono mitupu. Majaji walisema mlicheza vizuri isipokuwa ile hatua ya kuburuta mguu wa kushoto. Hapo nusu yenu walikuwa mbele na nusu nyuma, mkaonekana kama watu waliogombana njiani. Sasa mnajiandaa kwa mashindano mengine na Bakari anauliza, "Babu Refa, hiyo hatua inatuangusha vibaya. Si tuitoe tu, tuweke kitu kiko na moto?"

Hebu kaeni kitako. Kuitoa mnaweza, hakuna polisi atakayewashika. Lakini kwanza niwaeleze hatua hiyo ilitoka wapi, maana nimegundua hakuna hata mmoja wenu anayejua. Mnafikiri ni madoido.

Nyinyi mnanijua kama mzee wa ngoma, lakini mimi nilianza na mpira. Ujanani nilikuwa nakata miwa Ramisi, na Jumapili nilikuwa nacheza winga ya kulia katika timu yetu ya wakata miwa. Mbio nilikuwa nazo, si haba. Siku moja beki mmoja, jitu zima limejaa kama gunia la nazi, likaniangukia juu ya goti hili la kulia. Kocha akanyoosha mkono, mimi nikatoka, akaingia mwingine. Nikakaa kwenye benchi goti limefungwa kitambaa, nikimtazama yule aliyeingia. Wallahi alicheza vizuri! Akafunga na bao. Nilimpigia makofi, na huku moyoni naomba ateleze.

Goti lilipona, lakini ile nafasi sikuipata tena. Na hakuna aliyenikosea, msije mkaanza kumlaani kocha wa watu. Kocha alitaka kushinda na mimi nilikuwa nimepungua mbio. Mpira ndivyo ulivyo, na mimi bado naupenda. Hata leo mechi ikionyeshwa hapa jirani, mke wangu anajua chakula changu kitapoa.

Kiwanda cha sukari cha zamani kilipofungwa nikaja Galu kutafuta kazi hotelini. Walinipa kazi ya kuburudisha wageni. Asubuhi mpira wa wavu mchangani, mchana michezo ya majini ndani ya bwawa la kuogelea, alasiri kuvuta kamba na mbio za magunia. Kutwa nina kipenga shingoni. Hapo ndipo nilipoitwa Refa, jina likashika, na hata imamu wetu siku hizi ananiita hivyo hivyo.

Jua likianza kupoa, kikundi cha ngoma kilikuwa kinakuja kucheza kando ya bwawa. Siku moja mpigaji wao mmoja aliugua, na meneja akaniona nimesimama. Akasema, "Refa, wewe si una mikono? Nenda kapige." Basi, hivyo ndivyo nilivyoingia katika ngoma, kama mtu aliyesukumwa ndani ya maji.

Mkuu wa wapigaji alikuwa Mzee Ndaro, mtu wa Msambweni, mfupi, sauti ya chini. Hakuwahi kunifokea hata siku moja, na hilo lilinitesa zaidi kuliko kufokewa. Ile jioni ya kwanza nilipiga kwa nguvu zangu zote, macho kwenye mikono yangu, sawasawa kama saa ya ukutani. Nilijisikia mwanamume. Tulipomaliza Mzee Ndaro akaniambia, "Umepiga vizuri."

"Ahsante, mzee wangu."

"Ulikuwa unampigia nani?"

Nikamwonyesha wachezaji.

"Maana wachezaji umewaacha hapa Galu," akasema, "na ngoma yako imeshafika Kombani, inanunua maembe."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzee Ndaro yeye hakucheka. Alinishika bega akasema, "Miguu, Refa. Tazama miguu." Kazi yangu yote ya miaka iliyofuata ilikuwa kujifunza maneno hayo.

Sikilizeni, hii ni siri ya kazi na ninawapa bure. Mpigaji hatazami mikono yake. Mikono inajua njia. Anatazama mguu wa yule anayeongoza duara, na mguu ule ukianza kushuka, mlio uwe tayari unaungojea chini, kama unavyompokea mtu mzigo anapofika mlangoni. Mchanga ukiwa na umande, miguu inakuwa mizito, nawe unapunguza. Mchezaji ambaye hajala tangu asubuhi utamjua kwa kisigino. Uso utakucheka, lakini kisigino hakiwezi kuficha kitu. Nilifika mahali nikawa namjua mtu aliyegombana na mumewe kabla hajafungua mdomo.

Na ngoma yenyewe lazima uipashe moto, ngozi ikaze. Pale hotelini wakatukataza kuwasha moto kwenye majani yao ya kijani kibichi. Tukafanya nini? Tukazipeleka ngoma jikoni, karibu na tanuri la mikate. Mpishi wa mikate, mtu mkali kutoka bara, akaingia siku moja akakuta msondo wa Mzee Ndaro, ile ngoma ndefu ya ngozi ya mbuzi, umekaa pale mikate yake inapoumukia. "Nani ameleta mbuzi jikoni kwangu?" Kelele hiyo ilisikika hotelini kote! Lakini baada ya wiki mbili tatu yeye mwenyewe alikuwa anatugeuzia ngoma, upande huu, upande ule, na akisikia tumeanza anatoka na unga mikononi anasimama pembeni, bega moja linamcheza. Nilimwuliza kwa nini hachezi kabisa. Akasema, "Mimi sijui." Nikamwambia hata hilo bega halijui, na mbona limeanza.

Sasa nifike kwa Mejumaa.

Mejumaa ndiye aliyekuwa anaongoza duara letu. Mwanamke wa haja, mnene, mrefu, mwenye shamba la mihogo nje kidogo ya Msambweni. Asubuhi jembe, jioni ngoma. Akijifunga leso kiunoni na kuvaa njuga zake miguuni, hata wahudumu wanaobeba sinia walikuwa wanasimama. Mguu wake ulikuwa mwepesi hivi kwamba mimi niliyekuwa nautazama kila jioni sikuuzoea.

Mwanzoni nilimsumbua sana. Nilikuwa bado na akili ya Ramisi, nikaamini kikundi kinahitaji mazoezi kama timu. Nikawapanga wachezaji wote ufuoni asubuhi, nikapuliza kipenga, nikawaambia wakimbie. Mejumaa alikimbia kidogo akasimama, mikono kiunoni.

"Refa, tunakimbia tunakwenda wapi?"

"Mpaka ule mnazi, halafu mnarudi."

"Kwenye mnazi kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mejumaa. Ni mazoezi."

"Basi mimi nimeshafika," akasema, akaketi mchangani na wenzake wote wakaketi. Mazoezi yakaishia hapo, tukanywa madafu.

Nakumbuka pia mgeni mmoja, mzee mwenye kofia pana, aliyetazama ngoma yetu mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa. Tulipomaliza akaja kwangu, maana asubuhi nilikuwa refa wake kwenye mpira wa wavu, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Nani ameshinda?" Nikamfasiria Mzee Ndaro. Mzee akawaza, akasema, "Mwambie mechi bado haijaisha, aje kesho." Na kweli alikuja kesho yake, na kesho kutwa, mpaka siku ya safari yake. Siku ya mwisho aliingia duarani na ile kofia yake, akacheza vibaya sana, na Mejumaa akamshika mkono akazunguka naye. Hakuuliza tena.

Nilikuwa nikimwuliza Mejumaa swali ambalo nyinyi mnaniuliza mimi. Kwa nini watu wacheze ngoma? Jasho ni lile lile la mpira, pumzi ni ile ile, na hakuna kikombe. Alikuwa ananicheka tu. Lakini jioni moja, tukingojea gari la kuturudisha, alinijibu. "Mimi nikicheza, Refa, nasahau kama nina miguu. Kutwa nzima nimeibeba shambani. Jioni yenyewe ndiyo inanibeba mimi." Nililiweka neno hilo.

Miaka ikapita. Ngoma za ngozi zikaanza kupungua hotelini, vikaja vyombo vya umeme, halafu meneja mwingine akaja na kijisanduku chake cha muziki, akasema wapigaji ni wengi mno. Mzee Ndaro akarudi kwake Msambweni, macho yameanza ukungu. Mejumaa akaacha pia. Nasi tukawa tunakutana harusini tu.

Kisha Mejumaa akapatwa na ugonjwa wa kupooza. Upande wa kushoto wote, mkono na mguu. Alilazwa, akatoka, akafanyishwa mazoezi ya viungo hospitalini, akajitahidi mpaka akaweza kutembea na bakora. Alhamdulillahi. Lakini mguu wa kushoto ulibaki mzito. Alikuwa anauburuta, na ukifika ulifika nyuma ya mwenzake.

Nilikwenda kumjulia hali nikamkuta amekaa, ameegemea ukuta, leso mabegani. Nikasema maneno yale tunayosema kwa wagonjwa. Akanisikiliza, kisha akasema, "Unakumbuka nilikwambia nikicheza nasahau miguu? Sasa huu mguu siusahau hata nikilala." Nilikunywa uji wake nikaondoka.

Ilikuwa wakati huo huo ambapo bintiye wa pekee, Fatuma, aliposwa. Kwetu desturi mnaijua. Siku ya kupika, baada ya sala ya alasiri, ngoma inapigwa uani, na ngoma hiyo haikolei mpaka mama wa bibi harusi atoke mlangoni aingie katikati. Wanawake wanazunguka wakimngojea yeye. Asipotoka, watu wanaanza kuulizana kuna nini ndani ya nyumba hii.

Fatuma alikuja kwangu asubuhi mapema, macho mekundu. "Shikamoo, mjomba. Mama anasema hatoki. Anasema atatoka mama mdogo Mwanasha badala yake, yeye atakaa chumbani."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia basi ngoma isipigwe. Niolewe kimya kimya, kama mtu aliyefanya jambo la kufichwa." Akaanza kulia. "Mjomba, mimi nimekua nikimwona mama katikati ya duara za watu wengine. Kwangu mimi ndiyo asiingie?"

Sasa hapa ile akili ya Ramisi ikanirudia. Nikasema, nitamfundisha! Wiki zipo. Nikachukua kipenga changu cha zamani, nikaenda kila asubuhi uani kwa Mejumaa. Nikapanga vifuu vya nazi mchangani, apite katikati yake. Nikamwambia ainue mguu, mguu, mguu, usiburute! Nilitaka arudishe ile hatua yake ya hotelini, nyepesi vile vile. Maskini, alijaribu kwa ajili ya Fatuma. Alijikwaa kwenye vifuu, akanyanyuka, akajikwaa tena. Nami napuliza kipenga.

Siku moja alianguka vibaya. Nikamwinua. Akanyoosha ule mkono wake mzima, akakivua kipenga shingoni mwangu, akakitupa kisimani. Nilikisikia kilipogusa maji.

"Unataka nishinde, Refa," akasema, anatweta. "Nimshinde nani? Yule Mejumaa wa hotelini? Yule simuwezi tena. Yule ameshanipita. Niache nikae ndani, watu wamkumbuke yeye."

Nilikwenda nyumbani nikalia, na msinicheke. Nilijiona kama ni mimi niliyemweka kwenye benchi.

Siku ya kupika ikafika. Ua umejaa, masufuria ya pilau yanafuka, watoto wanafukuzwa kila kona. Fatuma alikuwa amekubali ngoma ipigwe kwa sababu Mwanasha alimsihi, alimwambia tupige tu, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilikuwa kwenye ngoma kubwa. Mzee Ndaro aliletwa akakalishwa karibu yangu juu ya kiti. Kupiga hakuweza tena, lakini alisema kusikiliza bado anaweza.

Nikapiga. Wanawake wakajifunga leso, wakaanza kuzunguka. Tukapiga na kupiga. Mlango wa nyumba ulikuwa na pazia, na pazia halikutikisika. Vigelegele vikaanza kupungua nguvu. Niliwaona wanawake wengine wakitupiana jicho. Mwanasha alikuwa akitazama mlango na uso umemwiva. Nikaanza kuongeza kasi, nikidhani nitaichangamsha ngoma, na kumbe ninaikimbiza.

Mzee Ndaro akaniinamia. "Miguu, Refa."

"Miguu ya nani, mzee? Hajatoka!"

Akanyoosha kidevu upande wa mlango.

Lile pazia lilikuwa fupi. Halikufika chini. Na chini yake niliona miguu miwili imevaa njuga. Alikuwa amezivaa! Alikuwa amesimama nyuma ya pazia, amevaa njuga zake, na mguu wa kulia ulikuwa unagonga sakafu. Mguu wa kushoto ulikuwa unajaribu kuufuata, unaburutika, na kila ukifika unakuta ngoma yangu imeshapita.

Nikapunguza. Nikapiga kwa ajili ya ule mguu wa kulia, ti-ti, halafu nikasimamisha mkono hewani. Nikaungoja wa kushoto. Ukaja polepole, srrr, ukatua. Ndipo nikapiga: du!

Tena. Ti-ti. Nikangoja. Du!

Wanawake wakapotea kabisa. Mmoja akageuka akanitazama kama mtu aliyenifumania nimelewa. Lakini Mwanasha, aliyekuwa karibu na mlango, akatazama nilikokuwa natazama. Akaona njuga. Akaanza kuburuta mguu wake wa kushoto, akautua pale pale mlio ulipoanguka. Aliyemfuata akamwiga, na wa nyuma yake, mpaka duara zima likawa linaburuta mguu na kungoja na kutua pamoja.

Hapo pazia likafunguliwa.

Mejumaa alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Alitazama uani, akaona wanawake wote wale wakiburuta mguu wa kushoto, na uso wake ukabadilika. Nilielewa alichofikiri. Alifikiri tunamwiga. Alifikiri tumegeuza ugonjwa wake mchezo, siku ya harusi ya mwanawe.

Vigelegele vikakatika. Akanitazama mimi moja kwa moja. Nami mikono yangu iko hewani na ua mzima umesimama kwa mguu mmoja. Sikupiga. Nilitazama mguu wake tu.

Akauburuta mguu kidogo akausimamisha kabla haujatua. Nikangoja. Akauacha hapo hapo. Nikangoja. Kila mtu akangoja, hata watoto. Ndipo akautua, nami nikapiga, du!

Akaujaribu tena. Safari hii aliuchelewesha kwa makusudi, muda mrefu, hata mwanamke mmoja akapepesuka akamshika mwenzake. Nikaungoja. Ukatua, du! Nikaona pembe ya mdomo wake ikiinuka. Alikuwa amejua ngoma ni yake, na haiendi popote bila yeye.

Basi akaingia. Akaiacha bakora pale mlangoni, akashika bega la Mwanasha, akaingia katikati, na sisi wote tukamfuata kwa mwendo wake. Akiharakisha kidogo, tunaharakisha. Akipumzika, tunaning'inia hewani mpaka aamue. Vigelegele vya siku ile sijavisikia tena. Nyuma ya pazia nilimwona Fatuma ametoa kichwa, jambo lisilofaa kwa bibi harusi, na hakuna aliyemkemea. Mzee Ndaro alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu.

Baadaye nilimkuta Mejumaa amekaa kwenye mkeka na sahani ya pilau. Jasho linamtiririka, njuga bado miguuni. Nikakaa mbele yake. Akamega tonge, akalitazama, akasema, "Refa."

"Naam."

"Niliusahau mguu."

Akala tonge lake. Nami nikala.

Harusi iliyofuata upande ule, wanawake wakaniambia nipige ile ya Mejumaa, naye mwenyewe alikuwepo akaongoza. Iliyofuata hakuwepo, na bado wakaitaka. Wasichana waliokuja baadaye wakaijua kama hatua tu, ti-ti, kungoja, du, inapendeza macho. Mejumaa alifariki kwake kitandani, Mungu amrehemu, na Mzee Ndaro alikuwa amemtangulia. Hatua ikatembea yenyewe mpaka Diani, mpaka Ukunda, mpaka kwenu.

Sasa kuhusu majaji. Majaji hawakukosea, Bakari. Nimeitazama ile video mliyonitumia. Nusu yenu mlikuwa mbele na nusu nyuma, kweli. Lakini niliona kitu kingine pia. Mlikuwa mnacheza kwa muziki wa spika. Spika haina macho, wajukuu zangu. Haiwezi kumngoja mtu. Wenye masikio waliifuata spika, na wenye mazoea waliungoja mguu utue, ndiyo mkagawanyika. Hatua ile ilizaliwa na kungojwa, haiwezi kukaa na chombo kisichojua kungoja. Tafuteni mpigaji mwenye mikono na macho. Mkimkosa, nileteeni kijana mmoja hapa barazani, nitamfundisha, na tanuri la mikate nitatafuta.

Na mkiona mashindano yanataka ile kasi ya spika, mkaitoa hatua hiyo siku ya mashindano, sitawanunia. Mashindano yana sheria zake na mimi nilikuwa refa, nazijua. Goli halisogezwi kwa sababu winga ana goti bovu, na likisogezwa si mpira tena. Lakini mkirudi harusini, uani kwa watu, msiitoe. Pale hakuna alama za kupata. Pale kuna mtu amesimama nyuma ya pazia.

Nimesikia Bakari unaoa baada ya Ramadhani. Mashallah. Mimi nitakuja mapema, nitakaa mbele, na kipenga sina, kiko kisimani mpaka leo. Najua mtanivuta niingie, na mimi nitakataa kidogo kwa adabu kisha nitaingia. Basi kabla ya siku hiyo mwambieni mpigaji wenu ajiandae, maana safari hii ni goti la kulia.